Sumu Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini sumu bila daftari haipotei, hurudi.

Mwaka 1971, katika jimbo la Missouri, Marekani, masalio ya kiwanda cha kemikali yalichanganywa na mafuta machakavu, kisha yakamwagwa katika viwanja vya farasi ili kutuliza vumbi. Makumi ya farasi wakafa. Wataalamu walitafuta kwa miaka 3 kabla ya kuitambua sumu yenyewe, dayoksini. Barabara za mji wa Times Beach nazo zilikuwa zikinyunyiziwa mafuta tangu mwaka 1972. Mwaka 1983 Serikali iliamua kuununua mji mzima, na wakazi wake zaidi ya 2,000 wakahama.

Sheria ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka 1976, na tangu 1980 kila mzigo wa taka za hatari hufuatana na hati inayomtaja mtoaji, mchukuzi na mpokeaji. Mtoaji asiporudishiwa nakala yenye sahihi ya mpokeaji, hana budi kuiarifu Serikali. Naye adaiye kwamba taka zake hutumika tena, sharti athibitishe kwa maandishi.

Karani aandikaye hati hizo huonekana mtu mdogo. Kumbe ndiye mlinzi wa mji.