MBINU: Llanowar Elves, kadi ya bei chee inayowatoa jasho wenye kadi za gharama

Swali ninaloulizwa sana na washkaji tunaocheza nao Magic: The Gathering ni hili: "Nianze kununua kadi gani adimu?" Jibu langu ni fupi: usinunue. Kabla hujazama mfukoni, jifunze kwanza kutumia kadi za kawaida. Na katika hizo, ya kwanza kwangu ni Llanowar Elves. Leo naieleza mwanzo mwisho ili hata ambaye hajawahi kucheza apate picha.

MAGIC NI NINI?

Ni mchezo wa karata za kichawi na viumbe wa hadithi. Aliubuni Mmarekani Richard Garfield, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Kwenye lasti kadi tunayocheza kijiweni wote mnachota pakiti moja. Humu kila mtu anakuja na rundo lake alilolipanga mwenyewe, kadi 60 au zaidi. Kadi yoyote mwisho nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi ambazo unaweka uzitakazo. Unaanza na uhai 20 na kadi 7 mkononi. Ukimfikisha mwenzako sifuri, umemaliza kazi.

Ardhi ndo shamba lako. Unaruhusiwa kuweka moja tu kwa zamu, na kila moja inatoa mana moja. Mana ndo hela ya kulipia kadi nyingine. Ukiitumia ardhi unailaza upande, zamu yako ikirudi unaisimamisha tena. Kwa hiyo kwa kawaida zamu ya 3 una mana 3, zamu ya 4 una mana 4. Hata uwe na kadi kali namna gani mkononi, kama mana haijafika utaishia kuiangalia tu.

Kadi zinauzwa kwenye pakiti zilizofungwa. Kuna za kawaida, ambazo ni nyingi, halafu kuna adimu na adimu kupindukia. Hujui kilichomo mpaka ufungue. Yaani ni bahati nasibu, na hapo ndipo hela za vijana zinapopotelea.

HUYU KIUMBE ANAFANYA NINI?

Elves ni viumbe wa hadithi za Ulaya, wanafanana na binadamu ila masikio yamechongoka, na makazi yao ni msituni. Kadi ya Llanowar Elves imekuwemo tangu toleo la kwanza kabisa la mwaka 1993, na humo ilikuwa kadi ya kawaida. Imechapwa tena mara nyingi. Iko kwenye Dominaria ya mwaka 2018 na kwenye Foundations ya mwaka 2024, toleo ambalo kampuni ilisema litatumika kwenye mashindano ya Standard mpaka angalau mwaka 2029.

Sifa zake:

- Bei yake ni mana 1 ya kijani.
- Nguvu 1, uimara 1. Kofi moja tu, amekufa.
- Ukimlaza anakupa mana 1 ya kijani.

Basi, hakuna kingine. Mgeni akimwona anacheka, anauliza huyu mdudu wa kazi gani. Sasa angalia hesabu, tuseme umempata mapema na kila mmoja wenu anaweka ardhi kila zamu:

Zamu ya 1: unaweka ardhi, unamlipia Elves.
Zamu ya 2: ardhi 2 na Elves, una mana 3. Mwenzako ana 2.
Zamu ya 3: ardhi 3 na Elves, una mana 4. Mwenzako ana 3.

Umeona? Umemtangulia kwa zamu nzima. Ni kama mkulima aliyewahi mvua ya kwanza: jirani anahangaika kupalilia, yeye anavuna. Kitu unachokipata kwa huyu kiumbe ni MUDA. Ukilielewa hilo moja, mbinu zote zinazofuata zitakuja zenyewe.

MBINU ZA KUMTUMIA

1. Weka nakala zote 4. Anataka kuonekana mapema, kwa hiyo kuweka moja au mbili ni kubahatisha. Ukiwa na 4 ndani ya kadi 60, uwezekano wa kumpata angalau mmoja kwenye zile 7 za kuanzia ni karibu asilimia 40. Yuko na pacha wake, Elvish Mystic, aliyetoka mwaka 2013, mwenye bei ileile na kazi ileile. Pale sheria zinaporuhusu, ukiweka 4 na 4 uwezekano unapanda hadi kama asilimia 65.

2. Kumbuka ni mgeni. Kiumbe aliyeingia mezani zamu hii hawezi kulazwa kutoa mana wala kushambulia mpaka zamu yako inayofuata. Kwa hiyo mtangulize mapema, usisubiri mpaka siku unayomhitaji.

3. Panga cha kununua. Mana ya ziada isiyotumika ni sawa na umeme wa luku unaokatika bila kuwasha taa. Rundo lako liwe na viumbe wazuri wa mana 3, maana hao ndo unaowateremsha zamu ya 2 wakati mwenzako bado anajikongoja. Wakiwa wote ni wa mana 6 na 7, Elves hajakusaidia kitu.

4. Usimfanye ardhi. Huu mtego umeua wengi. Mtu anapata ardhi moja na Elves wawili mkononi, anasema twende. Elves wa kwanza akipigwa, umebaki na mana moja na macho. Mimi kanuni yangu ni angalau ardhi 2 mkononi, na moja iwe inatoa mana ya kijani. Marundo mengi ya kadi 60 yana ardhi kama 24. Ukiwa na Elves 4 unaweza kushuka hadi 23 au 22, ila usijisahau ukashuka mpaka 18.

5. Akiuawa usilie. Wachezaji wa rangi nyekundu wana kadi kama Lightning Bolt, inayopiga 3 kwa mana 1 tu. Wakongwe wanashauri kumpiga mtoa mana mapema, na wana haki. Lakini fikiria: kile kipigo kimeenda kwa kiumbe mdogo, kwa hiyo mkubwa wako anayefuata amepona. Umetoa kadi moja, naye ametoa moja. Hakuna aliyeibiwa.

6. Jua lini kazi yake imeisha. Zamu ya 1 ni dhahabu, zamu ya 10 ni kokoto. Mkiwa na ardhi nane nane, mana moja ya ziada haibadilishi kitu. Hapo mpe kazi nyingine: ajitokeze kumzuia jitu kubwa linalokuja kukumaliza. Atakufa yeye, uhai wako utabaki. Ila usimtoe hivyo mapema wakati bado unamhitaji kwa mana.

7. Mpe ndugu zake. Priest of Titania anatoa mana ya kijani kwa idadi ya Elves wote walio mezani, wewe na mpinzani. Timberwatch Elf anamwongezea kiumbe mmoja nguvu na uimara kwa hesabu hiyohiyo. Hapo hata yule Elves wa zamu ya 10 anakuwa na maana, kwa sababu anahesabiwa. Ila angalia, usiwamwage wote mezani kama mpinzani ana kadi za kufagia viumbe wote kwa mpigo. Bakiza wawili watatu mkononi.

KWA NINI NAKAZANIA KADI ZA KAWAIDA

Kuna aina ya mashindano inaitwa Pauper. Ni kadi zilizowahi kutoka kama za kawaida tu, basi. Wizards waliitambua rasmi mwaka 2019. Llanowar Elves, Elvish Mystic, Priest of Titania na Timberwatch Elf wote wanaruhusiwa humo. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima wa korosho wanakaa meza moja na tofauti yao ni akili tu. Kwetu sisi tunaohesabu hela ya bando, hii ndo Magic yenyewe.

Kuna pia Magic: The Gathering Arena, ya kompyuta, na tangu mwaka 2021 ya simu. Kuishusha ni bure, ila ni nzito, inakula magigabaiti, kwa hiyo tafuta waifai kwanza. Humo ndani watakushawishi ununue pakiti. Tulia, cheza na ulizopewa bure.

Na kama huna chochote, kata karatasi ngumu uandike jina, bei na kazi ya kila kadi. Sisi kijiweni ndo tunavyofanyia mazoezi. Kwenye mashindano rasmi hazikubaliwi, lakini kujifunzia zinatosha kabisa. Ukishacheza mechi ishirini za karatasi utajua mwenyewe kadi gani unahitaji, na siku ukitoa hela utaitoa ukijua unanunua nini.

Haya wadau, swali langu kwenu: una ardhi 2, Elves 1, na mpinzani ni wa rangi nyekundu. Unamteremsha Elves zamu ya kwanza, au unamficha mpaka mpinzani amalize kadi zake za kupiga? Mimi namteremsha. Mwenye hoja tofauti aiweke hapo chini, tubishane kwa hesabu, matusi hapana.