Majina ya Mzaha Katika Ufundi wa Kuogelea

Kila kazi ina lugha yake. Mhunzi ana maneno yake, mvuvi ana yake, na mkulima achimbaye ngoro katika milima ya Mbinga ana maneno ambayo mtu wa pwani ya Ziwa akiyasikia hutazama tu. Waogeleaji nao wana lugha yao, na sehemu kubwa ya lugha hiyo ni mzaha. Tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji historia ya mzaha huo, maana ndani yake mna habari ya watu waliochekwa kwanza na kuigwa baadaye, tena mna maonyo ambayo mtu wa Ziwa hana budi kuyajua, kwa kuwa maji hayana mzaha.

Tuanze hapa kwetu. Ziwa letu lenyewe lilipata jina lake katika ramani kwa namna ya kuchekesha. David Livingstone alilifikia tarehe 16 Septemba 1859, na jina alilolipata kwa wenyeji ni Nyasa. Basi neno hilo katika lugha za watu wa huko maana yake ni ziwa tu. Ni ndugu wa nyanja na wa nyanza. Kwa hiyo kila mtu asemapo “Ziwa Nyasa” husema “Ziwa Ziwa.” Jina la Wampoto, wakaao pwani hii na ambao pia huitwa Wanyasa, nalo lina habari yake. Wanyanja wa kusini husema kumpoto kwa maana ya upande wa kaskazini. Mtu wa Liuli au wa Mbamba Bay hakujiona kuwa wa kaskazini; ni jirani yake wa kusini aliyemtazama kutoka kwake, akamwita hivyo. Twaona basi kwamba majina mengi hutolewa na mtu anayetazama kwa mbali, na mwenye jina hubaki nalo.

Kiswahili nacho kimechukua maneno mengi kwa waogeleaji na kuyapeleka nchi kavu. Kuzamia ni kazi ya mtu ashukaye chini ya maji kutafuta kitu. Bali mijini mtu aingiaye karamuni bila kualikwa husemwa amezamia, na wale wajifichao ndani ya meli ili kwenda nchi za mbali huitwa wazamiaji. Mtu aliyelewa pombe husemwa amepiga maji, ingawa hayo maji hakuyaona. Mwenye akili au uwezo usiopimika huitwa maji marefu. Na wazee waliposema, “Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga,” walichukua neno la mtoni wakalifanya sheria ya kila kazi iliyokwisha kuanzwa.

Lakini mitindo ya kuogelea inayofundishwa leo katika mabwawa ya shule na ya mashindano ilipewa majina yake mbali na hapa, nayo historia yake yastahili kusimuliwa. Kwa muda mrefu watu wa Ulaya waliogelea kwa mtindo wa chura: mikono hufunguka mbele ya kifua, na miguu husukuma kama chura arukavyo. Mwaka 1587 Everard Digby, mwalimu wa Cambridge, alichapisha kwa Kilatini kitabu kizima juu ya ufundi wa kuogelea, chenye picha za kuwafundisha watu. Miaka michache baadaye, mwaka 1602, Mholanzi Pieter de Marees alichapisha kitabu juu ya pwani ya Guinea, katika Afrika ya Magharibi, akakiri kwamba watu wa huko waliwashinda watu wa taifa lake kwa kuogelea na kwa kupiga mbizi. Sifa hiyo iliandikwa, ikasomwa, lakini watu wa Ulaya hawakubadili mtindo wao.

Mwaka 1844 walifika London wanaume wa kabila la Ojibwe kutoka Amerika ya Kaskazini. Wawili wao, ambao majina yao yalifasiriwa kuwa Shakwe Arukaye na Tumbaku, walishindana katika bwawa mbele ya watu. Waliinua mikono juu ya maji, wakaipeleka mbele mkono baada ya mkono, na kupiga maji kwa miguu. Walikwenda kwa kasi ya kushangaza. Je, Waingereza waliiga? La. Magazeti yaliwafananisha na vinu vizungushwavyo na upepo, yakasema namna hiyo haiwafai watu wa Ulaya. Waliwacheka wenye mbio, wakaendelea na mtindo wa chura. Hata Kapteni Matthew Webb, mtu wa kwanza kuuogelea mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa bila msaada, Agosti 1875, alifika ng’ambo kwa mtindo huo huo, baada ya muda wa saa 21 na dakika 45. Kwa uvumilivu hakika alistahili sifa.

Hata hivyo mtindo wa kuinua mikono ulirudi kwa njia nyingine. Mwaka 1873 Mwingereza mmoja, John Arthur Trudgen, aliyejifunza kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini, alishinda huko London kwa kuinua mikono yote miwili kwa zamu. Mtindo ukaitwa kwa jina lake, na wale waliomfundisha hawakutajwa. Kisha, karibu na mwaka 1900, kijana Alick Wickham kutoka Visiwa vya Solomon aliogelea huko Sydney, Australia, kama watu wa kwao walivyoogelea, akipiga miguu juu na chini bila kukoma. Husimuliwa kwamba mwalimu mmoja, alipomwona, alipaza sauti na kusema, Tazameni mtoto yule anavyotambaa! Ulikuwa mzaha tu. Lakini neno hilo la kutambaa likashika, likawa jina la mtindo wenye mbio kuliko yote duniani. Mwaka 1912 Duke Kahanamoku wa Hawaii, mtoto wa visiwani, alishinda mbio za mita 100 katika Michezo ya Olimpiki huko Stockholm, na tangu hapo hakuna aliyecheka tena. Kutambaa kwa mtoto kukawa fahari ya wafalme wa maji.

Mtindo wa kipepeo nao ulizaliwa kwa ujanja. Katika miaka ya 1930 waogeleaji wa mtindo wa chura walichungua kanuni za mashindano, wakaona hazikuwakataza kurudisha mikono mbele juu ya maji. Basi wakaitupa mikono yote miwili kwa pamoja kama mabawa. Mwaka 1935, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwalimu David Armbruster na mwanafunzi wake Jack Sieg wakaongeza miguu ipigayo pamoja kama mkia wa pomboo, yule mnyama wa baharini arukaye mbele ya meli. Waamuzi walisumbuka sana, maana chura alikuwa ameota mabawa ya kipepeo na mkia wa pomboo. Mwishowe, mwaka 1952, kipepeo akatengwa na chura, kila mmoja akapewa mashindano yake. Nasi Afrika ya Mashariki twaweza kuona fahari: mwaka 2008 huko Beijing, Mkenya Jason Dunford aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mbio za mchujo, akaivunja rekodi ya Olimpiki kwa muda, kisha akawa wa tano katika fainali.

Waogeleaji wa siku hizi na walimu wao, ambao huitwa makocha, wameendelea na desturi hiyo ya mzaha. Huko Marekani yuko mtu aitwaye Sami Mweka-Akiba. Huyu huogelea polepole tangu mzunguko wa kwanza, wenzake wakihema na kutokwa jasho. Ukifika mzunguko wa mwisho, kocha akitazama, huchomoka kama mshale na kuwashinda wote. Wasomaji watamtambua mara moja, maana hata shambani yupo: hushika jembe kwa nguvu amwonapo mwenye shamba anakuja. Tena mtu aliyeanza mbio kwa pupa na kuishiwa nguvu kabla ya kufika, wenzake husema kinanda kimemwangukia mgongoni. Mwendo mrefu usio na faida, aogeleao mtu ili kutimiza hesabu tu, huitwa maji ya takataka. Na katika chama kimoja cha California, miaka ya 1970, njia ya bwawa waliyopewa wale wa mazoezi makali kupita kiasi iliitwa njia ya wanyama.

Tukiyapima maneno hayo twaona kwamba si upuzi. Kocha akimwambia kijana mbele ya wenzake kwamba ni mvivu, humwaibisha na pengine humpoteza. Bali akimwita Sami, wote hucheka, naye mwenyewe hucheka, na kesho yake huanza mapema. Kinanda cha mgongoni humfundisha mtu kugawa nguvu zake kwa neno moja kuliko mafundisho ya saa nzima. Wazee wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana walifundisha kwa methali na mafumbo.

Lakini mzaha una makali pande mbili. Mwaka 2000 huko Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, maana wenzake wawili walitolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa muda wa miezi tu, katika bwawa dogo la hoteli. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, huku mshindi wa mashindano hayo akitumia sekunde 48.30 katika fainali. Mwisho wa safari karibu azame, na watu wote wakasimama kumshangilia. Magazeti yakambandika jina la Eric Mkunga, kwa kumlinganisha na yule samaki mrefu kama nyoka. Wengine waliandika jina hilo kwa upendo, wengine kwa dhihaka. Yeye hakukimbia maji. Mwaka 2012 alikuwa mwalimu wa waogeleaji wa nchi yake. Basi waliocheka walikwenda zao, na aliyechekwa akabaki kufundisha watoto wa kwao.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapotugusa sisi wa Ziwa. Ziwa hili lina kina cha mita zipatazo 700, na upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini huinua mawimbi kama ya bahari. Tarehe 2 Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples alikufa maji humo, chombo chake kilipopinduka usiku katika dhoruba. Yasimuliwa kwamba kanzu yake ilimlemea, na kwamba aliwaambia mabaharia waliojaribu kumshika wajiokoe wenyewe. Tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ilizama upande wa pili wa Ziwa, wakafa watu 145. Na misiba mikubwa ya namna hii si yote. Wengi zaidi hufa mmoja mmoja, katika mtumbwi, au ufukoni wakichota maji na kufua. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Kukaa karibu na maji si kujua maji. Wengine hudhani kwamba mtoto wa ziwani atajifunza mwenyewe kama bata, na kwamba msichana hana haja ya ufundi huo. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, watu waliliona kosa hilo. Tangu mwaka 2011 mpango uitwao Panje umewafundisha watoto kuelea, kuogelea na kuokoa, na wasichana nao wakashonewa nguo za kuogelea zifunikazo mwili wote, ili desturi isiwe kizuizi. Wasichana waliojifunza wamekuwa walimu wa wenzao. Jambo lililowezekana Nungwi litashindikanaje Lituhi, Liuli au Mbamba Bay?

Kwa hiyo twawashauri wazazi na walimu wa pwani hii, na hata ninyi wa milimani ambao watoto wenu hushuka ziwani kwa samaki na kwa safari: wafundisheni watoto mahali penye maji mafupi, pasipo mamba, mtu mzima ajuaye kuogelea akiwapo. Wafundisheni kwanza kuelea chali, kabla ya mbio zozote. Wapeni mitindo majina ya kwenu yenye kuchekesha, maana mtoto hulishika upesi neno lililomchekesha, na siku ya hatari ndilo litakalomjia kichwani. Ila msimcheke mtoto aogopaye maji. Aogopaye anafundishika, ajionaye pomboo kabla ya wakati ndiye wa kuangaliwa.

Tena lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Kitu kilicho juu ya maji husemwa kinaelea, na jambo lililo wazi kwetu twasema limetuelea. Ndipo lilipotoka neno kuelewa. Mtoto aliyefundishwa vema majini ameyapata yote mawili kwa pamoja.