Kupitiliza kwa namba

Mwaka 2024 wateja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, walianza kuletewa kitu ambacho hawakukizoea. Aliyenunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, badala ya tarakimu 20 alipata mafungu matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuboresha mita, na la tatu ndilo lililokuwa na yuniti. Buguruni, Dar es Salaam, kama kwingineko, watu walibonyeza tarakimu zote 60, taa ikawaka, wakaendelea na shughuli zao.

Sababu yake inafaa kuelezwa. Kila tokeni, yaani fungu la tarakimu lenye yuniti, hubeba ndani yake muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993. Mita huukumbuka muda huo, ndiyo maana tokeni iliyokwisha tumika hukataliwa. Lakini hesabu hiyo ilitengewa biti 24 tu, na biti 24 hazibebi zaidi ya thamani 16,777,216. Dakika hizo zilimalizika 24 Novemba 2024, hivyo mita zilipaswa kuboreshwa kabla ya siku hiyo. Wahandisi walioweka kipimo hicho hawakuwa wazembe. Miaka 31 na ushei ilionekana mingi wakati ule.

Watengeneza programu huliita jambo hili ovafloo. Tafsiri inayowajia wengi haraka ni "kufurika", na mimi nina ugomvi nayo kidogo. Maji yakifurika unayaona. Mto Msimbazi ukijaa, Buguruni na Jangwani hakuna asiyejua. Namba ikizidi nafasi yake haimwagiki popote. Chukua namba kamili ya biti 32, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Kwenye Java, ongeza moja, utapata -2,147,483,648. Programu haipigi kelele, inaendelea kufanya kazi ikiwa na deni la zaidi ya bilioni mbili lililozuka kusikojulikana.

"Kufurika" ningeliachia tatizo jingine ambalo Kiingereza hulipa jina hilohilo: data inapoandikwa kupita mwisho wa bafa, yaani nafasi iliyotengewa data hiyo, na kuharibu kumbukumbu ya jirani. Hapo neno limekaa mahali pake, maana kilichozidi kweli kinaingia kwa mwenzako. Njia hiyo ni mojawapo ya zilizotumiwa na programu hasidi ya Robert Morris kuingilia mashine za watu mwaka 1988. Kwa namba napendekeza "kupitiliza". Abiria aliyesinzia kwenye daladala akapitishwa kituo husema "nimepitiliza", na hujikuta mahali ambapo hakukusudia kwenda bila mtu yeyote kumwambia. Namba imepitiliza, hesabu imepitiliza: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaelewa bila kamusi.

Kwetu tatizo hili lina uzito kuliko vitabu vya programu vinavyoonyesha, kwa sababu ya shilingi. Anayehesabu kwa dola akitunza fedha kwa senti, kikomo cha biti 32 kinampa zaidi ya dola milioni 21. Fundi wa hapa akiiga mtindo huo, kikomo chake ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Duka la jumla la Kariakoo linaweza kupitisha kiasi hicho kwa siku moja. Hata ukiziacha senti, ambazo mkononi mwa mtu hazionekani tena, shilingi bilioni mbili za mauzo ya mwaka si hadithi kwa mfanyabiashara wa jumla. Kwa hiyo safu ya jumla kwenye hifadhidata isiwe INT, ambayo ni ya biti 32. Iwe BIGINT, yenye nafasi kubwa zaidi, tangu siku ya kwanza, hata kama mteja wako kwa sasa anauza nyanya soko la Buguruni.

Kuna dalili moja ambayo kila anayerithi mfumo wa mtu mwingine aijue. Hifadhidata ya MySQL isiyowekewa masharti makali haigeuzi namba kuwa hasi, inaikata kwenye kikomo. Sasa fikiria aliyehifadhi namba za simu kwenye safu ya INT. Namba inayoanza na 255 ina tarakimu 12, kwa hiyo wateja wote wanageuka kuwa 2147483647. Ukiona namba hiyo kwenye ripoti, hasa ikijirudia, usimpigie mteja. Fungua muundo wa jedwali.

Tena si kila chenye tarakimu ni namba. Tokeni ya LUKU haijumlishwi wala haigawanywi. Tarakimu zake 20 zinaweza kuzidi hata BIGINT, na ukiibandika Excel kama namba, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri kwa kuwa Excel hutunza 15 tu. Tokeni, namba ya simu na namba ya malipo ya serikali vyote vihifadhiwe kama maandishi. Mwandishi wa skripti za Python naye asijisifu mapema. Python yenyewe haipitilizi kwenye namba kamili, ila safu ya hifadhidata anakokwenda kuandika inaweza.

Tarehe inayofuata inajulikana. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 itapitiliza 19 Januari 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 ulioandikishwa mwaka 2024 unaishia mwaka 2039. Kama unatunza programu ya mikopo, bima au mafao, iwekee rekodi ya majaribio yenye tarehe ya 2040 wiki hii, kisha soma inachorudisha.