Fomula za ruwaza hazikubuniwa kwa ajili ya herufi

WATU wengi wanaotafuta maneno kwa kompyuta huamini kwamba fomula za ruwaza, yaani alama za kueleza mpangilio wa kile kinachotafutwa, zilibuniwa kwa ajili ya herufi. La hasha! Historia yasema mengine.

Mnamo 1943, Warren McCulloch na Walter Pitts wa Marekani walizieleza seli za neva kwa lugha ya mantiki: seli ama hutoa ishara ama hunyamaza. Mwaka wa 1951, mwanahisabati Stephen Kleene akajiuliza: mtandao wa seli kama hizo unaweza kutambua mifuatano gani ya matukio? Jibu lake, lililochapishwa 1956, lilihitaji mambo matatu tu: kufuatana, kuchagua na kurudia. Kleene alishughulikia matukio ya neva, si maandishi. Ken Thompson ndiye aliyeonyesha, katika makala yake ya 1968, jinsi kompyuta inavyoweza kutumia fomula hizo kutafuta maneno. Tangu hapo herufi zikatuziba macho.

Jambo hili linatuhusu vipi sisi wa Kiswahili? Hebu tazama sentensi hii: "Walikula wali." Iambie kompyuta itafute herufi w-a-l-i uone. Itakuletea chakula na kitenzi kwa pamoja! Tazama pia "watawapikia". Humo mna "wa" mbili. Ya kwanza ni ya watenda, ya pili ni ya watendewa. Herufi ni zilezile, ila kazi ni tofauti kabisa.

Dawa yake ni kuiacha herufi na kutafuta mofimu: kiambishi cha nafsi, kisha njeo, kisha yambwa ikiwapo, kisha mzizi. Fomula ni ileile ya Kleene. Kilichobadilika ni kinachopangwa. Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa modeli yake ya mofolojia ya ngazi mbili mnamo 1983, iliyojengwa juu ya msingi huohuo. Mnamo 1992, Arvi Hurskainen, pia wa Helsinki, akachapisha makala kuonyesha inavyochanganua Kiswahili.

Basi, mwanafunzi anayelalamika kwamba kuainisha mofimu hakuna faida afikiri tena. Kompyuta haijui "wa" ipi ni ipi mpaka mjuzi wa sarufi aifundishe. Tusipoifanya kazi hiyo sisi wenyewe, tutaendelea kuifuata Helsinki.