Mtu mzima na samasoti

Mwaka 1965 serikali ya Tanzania iliwapeleka vijana China wakajifunze sarakasi. Walikaa huko miaka minne, na waliporudi mwaka 1969 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Kazi yao ilikuwa kupiga samasoti, kusimama kwa mikono na kupandiana mabegani mpaka wa juu aonekane kama bendera. Mtoto wa Mbalizi au wa Kalenga hufanya mambo ya namna hiyo bure kwenye majani, mpaka mama yake amwite. Sasa yakawa ajira ya mtu mzima. Baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, na sarakasi ikawa somo.

Mtu akiisoma historia hiyo peke yake anaweza kudhani kwamba mtu mzima alihitaji kibali cha serikali ndipo aruke kama mtoto. Asipokuwa mwanasarakasi wa jukwaani, atulie, awe na heshima zake. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina historia ya zamani zaidi, na ndani yake mtu mzima aliruka hadharani, tena mahali ambapo mgeni asingetegemea: msibani.

Kati ya mwaka 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela. Waliandika habari za vijiji vya rika. Kijana wa umri wa miaka kumi hivi, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wenzake, aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na rika lake walijenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanarudi kwa mama zao kula tu. Hawakutawanyika walipokua. Walioa wakiwa kijiji kimoja, wakazaa na kuzeeka humo humo. Raha ya kukaa pamoja na watu wa rika lako waliiita ukwangala, na Monica Wilson aliifanya kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1951.

Hebu tufikirie maana yake kwa mwili wa mtu. Jirani aliyekuona ukiwa na mvi ndiye aliyewahi kupigana nawe mieleka machungani. Alikujua ulivyokuwa ukikimbia na ulivyokuwa ukianguka. Mbele ya mtu kama huyo, heshima ya utu uzima haikuhitaji kulindwa kila dakika.

Watu hao hao walikutana kwenye mazishi. Wanawake waliomboleza, na wanaume walicheza ngoma ya kivita iliyoitwa ukukina. Walitikisa mikuki, wakakanyaga ardhi kwa kishindo, wakaruka, wakakimbia huku na kule kama vijana. Katikati ya kilio palikuwa na kicheko na utongozaji. Godfrey Wilson alipoandika kuhusu mazishi hayo mwaka 1939, alieleza kwamba wachezaji wenyewe waliihusisha ngoma na uchungu walionao: waliruka kwa sababu wana majonzi, na kuruka kuliyapunguza. Mwenzao wa utotoni alikuwa amelazwa chini, nao walimsindikiza kwa miili iliyofundishwa michezo pamoja naye.

Si wote waliolikubali jambo hilo. Wamisheni wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kadiri ukristo ulivyoenea, waumini waliacha kucheza mazishini, wakashika nyimbo za dini. Nyimbo hizo nazo zimewafariji watu wengi, wala hakuna sababu ya kuzibeza. Ila mwimbaji husimama palepale alipo, na miguu haina la kufanya.

Upande wa Iringa, mlango ulioachwa wazi ni utani. R. E. Moreau, aliyeandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, alionyesha jinsi ulivyofungamana na vita na safari za zamani. Makabila yaliyotoana damu yaligeuka kuwa watani, na Wahehe na Wagogo wanataniana mpaka leo. Kwenye msiba, mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Huigiza mwendo wa marehemu, huzuia njia ya jeneza, wengine hushuka kaburini na kujilaza humo mpaka wapewe chochote. Mwenye familia, baba wa watu, analala kwenye udongo kama mtoto aliyesusa, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa hayajakauka.

Leo vijiji vya rika havipo tena kama walivyovikuta akina Wilson. Shule, kazi za mbali na miji vimewatawanya watu. Mtu aliyechunga Tukuyu anazeekea Dar es Salaam, jirani na watu wanaomjua kwa jina la mwanawe tu. Mambo ya utotoni yamebaki kwa mchezaji anayepiga samasoti baada ya kufunga bao Uwanja wa Sokoine au Samora, au kwa mjomba anayejaribu msamba harusini na kuinuliwa na watu wawili.

Tunapomcheka mjomba huyo tunasema umri umemsahau. Huenda tatizo halipo magotini mwake. Wazee wa Rungwe nao walikuwa na magoti ya kizee, na bado waliruka, kwa kuwa waliozunguka uwanja walikuwa wameruka nao tangu utotoni. Huyu wa harusini anaruka mbele ya watu ambao wengi wao hawakumwona akiwa mtoto. Akitokea mmoja aliyemwona, utamjua: ndiye atakayevua koti aingie naye.