Sauti ni ya Nani? Kisa cha John Chowning na Chuo cha Stanford

Mpiga fidla atakapo kuutia uzi uchungu, huutikisa kwa kidole. Sauti hupanda na kushuka kidogo, mara tano au sita kwa sekunde, na sikio husikia mtetemo. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, mwanamuziki John Chowning alikuwa akiujaribu mtikiso huo kwa kompyuta. Mashine haina kidole cha kuchoka. Aliuzidisha mwendo, akauzidisha na upana, hata ukapita uwezo wa mkono wa binadamu. Hapo sikio halikusikia mtetemo tena, bali sauti nyingine kabisa, mara kama ya kengele, mara kama ya tarumbeta.

Chowning hakuwa mhandisi. Alizaliwa mwaka 1934, akapiga ngoma, kisha akasomea utunzi mjini Paris kwa Nadia Boulanger. Mwaka 1964, akiwa bado mwanafunzi Stanford, alisoma makala ya Max Mathews wa maabara za Bell, aliyeonyesha kwamba kompyuta yaweza kuwa ala ya muziki. Alifunga safari kwenda kumwona, akarudi na kasha la kadi zilizotobolewa zenye programu ya Mathews. Aliyemsaidia kuiendesha alikuwa kijana mpiga tuba, mwanafunzi mwenzake aliyeijua kompyuta. Ugunduzi huu, basi, ulianza kwa ukarimu wa watu kabla haujafika kwa wanasheria.

Thamani yake ilikuwa katika wepesi. Kabla yake, aliyetaka sauti nzito yenye rangi nyingi alilazimika kukusanya mawimbi kadha wa kadha, moja baada ya moja. Njia ya Chowning ilitaka mawili tu, moja likilitikisa jingine. Mashine ndogo, ya bei ya mtu wa kawaida, ingeweza kuimudu kazi hiyo.

Mwaka 1970 Stanford ilikuwa imefungua ofisi ya kuuza leseni za uvumbuzi wa walimu wake, na mwaka uliofuata Chowning aliipelekea wake. Watengenezaji wa vinanda wa Marekani, Hammond miongoni mwao, hawakuona faida. Yamaha ya Japani ilimtuma mhandisi, naye alielewa upesi. Mwaka 1973 Chowning aliichapisha kanuni yote katika jarida la wahandisi wa sauti, kila msomaji aione. Hataza ilitolewa mwaka 1977: jina la mvumbuzi likawa Chowning, jina la mwenye mali likawa chuo.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya mazungumzo, chuo kilimnyima Chowning ajira ya kudumu, akaondoka. Kiliishika sauti, kikamwacha mwenye sauti. Mwaka 1975 alirejea, na pamoja na wenzake akaanzisha kituo cha utafiti wa muziki wa kompyuta ambacho hata leo kipo. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda cha DX7, kikauzwa zaidi ya 150,000. Kwa jumla hataza hiyo iliiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20, na mapato hayo yalikisaidia kituo kile kusimama.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila chuo kinachofundisha sanaa. Hataza ililinda njia ya kuunda sauti, haikulinda wimbo. Tungo za Chowning mwenyewe, kama vile Turenas ya mwaka 1972 na Stria ya mwaka 1977, ziko chini ya sheria nyingine, ile ya hakimiliki, ambayo humfuata mtunzi maisha yake yote na hata baada ya kufa. Hataza ilidumu miaka 17, ikafikia kikomo katikati ya miaka ya 1990, na njia ikawa ya kila mtu. Kichwa kilikuwa kimoja, lakini sheria ilikigawa mara mbili: mtunzi upande huu, mvumbuzi upande ule. Mwanafunzi wa leo aandikaye programu ya kuchora au ya kuimba yumo mpakani hapohapo, na mara nyingi hutia saini kabla hajaujua mpaka.

Washairi wa pwani waujua mkopo ulio wazi. Katika takhmisa, mtunzi huongeza vipande vitatu vyake juu ya viwili vya aliyemtangulia, kama alivyofanya Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate kwa beti za Liyongo. Cha mwanzo hubaki cha mwanzo, cha nyongeza hujulikana, wala jina la yeyote halifutiki. Desturi hiyo haikuwa na malipo, na huo ni upungufu wake, kwani mtunzi naye hula. Mkataba wa chuo una malipo, nao upungufu wake ni kwamba waweza kuithamini kazi na kumsahau aliyeifanya. Kisa cha Stanford kilimalizika kwa heri kwa sababu mtu alirudishwa palipokuwa na kazi yake. Wengi hawarudishwi.