Njiwa wa Mashindano na Chakula cha Makinda Yao

Keti vizuri, ushike karatasi yako mahali penye mwanga. Ikiwa nyumbani mwako yuko mtu asiyejua kusoma bado, mwite akae karibu, umsomee kwa sauti. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni habari za njiwa, na habari za chakula wanachopewa makinda yao.

Labda utacheka na kusema, "Njiwa ana historia gani? Mtupie mtama uani, atakula." Ni kweli kwamba atakula. Lakini je, akila tu, yatosha? Swali hilo liliwasumbua watu kwa miaka mingi, na jibu lake halikupatikana upesi. Fuatana nami, nawe utaona.

Kwanza tumtazame njiwa mwenyewe. Njiwa wa kufugwa ana tabia moja ya ajabu: hasahau kwao. Ukimchukua katika kapu, ukamfungulia mahali mbali asipopajua, atazunguka angani kidogo, kisha atashika njia ya kwao. Kwa sababu hiyo watu wa zamani walimtumia kupeleka barua. Katika karne ya 12 watawala wa Sham na Misri walikuwa na posta ya njiwa. Huko Ulaya, mwaka 1850, mtu mmoja jina lake Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka habari za biashara kati ya mji wa Aachen na mji wa Brussels, kwa sababu nyaya za simu zilikuwa hazijaunganishwa kati ya miji hiyo miwili. Gari la moshi lilichukua zaidi ya saa sita. Njiwa alichukua kama saa mbili tu.

Nyaya za simu zilipoenea, kazi ya njiwa ilipungua. Lakini watu wa Ubelgiji hawakuwaacha njiwa wao. Waliwafanya wawe wa mashindano. Njiwa wa watu wengi walitiwa makapuni, wakapelekwa mbali kwa gari la moshi, wakafunguliwa pamoja saa moja. Aliyerudi kwao kwa mwendo wa kasi kuliko wenzake, mwenyewe alipata tuzo. Mchezo huu uliwapendeza sana wafanya kazi, hasa wachimba makaa ya mawe wa Ubelgiji, wa kaskazini ya Ufaransa na wa kaskazini ya Uingereza. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi gizani, jioni alipanda juu, akasimama uani kwake, akatazama mbinguni kumngojea njiwa wake. Wakubwa nao waliupenda. Mwaka 1886 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliwapa jamaa ya kifalme ya Uingereza njiwa wa mashindano.

Sasa tuje kwenye chakula. Njiwa hutaga mayai mawili, na huyaatamia kwa siku 17 au 18. Baba na mama hushikana zamu. Kinda akitoka huwa karibu uchi, macho yamefumba, hawezi kumeza punje. Basi hula nini? Hulishwa maziwa ya njiwa. Usidhani ni maziwa kama ya ng'ombe. Ni kitu kizito, cheupe, kinachotokea katika gole, yaani kile kifuko kilicho chini ya koo la ndege. Mama anayo, na baba pia anayo. Kinda hutia mdomo wake katika kinywa cha mzazi, akalishwa. Mganga mmoja wa London, John Hunter, aliandika habari za maziwa haya mwaka 1786. Yana protini nyingi na mafuta mengi, na kwa hiyo kinda hukua upesi mno.

Baada ya siku chache wazazi huanza kuchanganya nafaka katika maziwa yale. Siku kwa siku nafaka huzidi na maziwa hupungua. Akifika kama majuma manne, kinda hutengwa na wazazi, naye hula peke yake.

Angalia jambo hili vizuri, maana ndilo kiini cha somo letu. Kinda hachagui chakula. Hula kile alichokula baba yake na mama yake. Nao wazazi ni wachaguzi wakubwa! Weka mbele yao mahindi, ngano, shayiri na njegere kavu katika sahani moja. Watadonoa wanachokipenda kwanza, na shayiri wataiacha. Mfugaji hudhani amewapa chakula cha namna nne, kumbe kinda amepata namna mbili tu. Kinda huyo aweza kukua na kuonekana mzima. Lakini mifupa yake haikupata ilichotaka, wala manyoya yake hayakupata nguvu. Siku ya mashindano atafunguliwa pamoja na wenzake, na jioni mwenyewe atasimama uani mpaka giza liingie, asimwone.

Wafugaji wa zamani waliona mambo haya, ila hawakujua sababu yake. Sababu ilianza kufunuliwa mbali sana na Ulaya, katika kisiwa cha Java. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mganga Mdachi, Christiaan Eijkman, alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi. Kuku wake waliugua miguu, wakawa hawawezi kusimama. Halafu wakapona wenyewe! Akauliza, akaambiwa kwamba kuku walikuwa wakipewa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wali wa askari. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Baadaye njiwa nao waliingia katika uchunguzi. Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Poland, Casimir Funk, aliwalisha njiwa mchele mweupe mtupu. Wakaugua, shingo zikapinda nyuma. Akawapa kitu alichokitoa katika pumba za mchele, wakapata nafuu kwa muda mfupi. Mwaka 1912 Funk alivipa vitu vya namna hiyo jina ambalo sasa dunia nzima inalijua: vitamini. Kwa hiyo, ndugu yangu, usimdharau njiwa. Yeye ni mmoja wa walimu waliotufundisha kwamba tumbo laweza kujaa na mwili bado ukawa na njaa.

Baada ya kujua hayo, watu waliuliza: Tufanyeje ili ndege asichague? Katika miaka ya 1920 na 1930, huko Marekani, viwanda vya chakula cha mifugo vilianza kutengeneza chakula cha vidonge. Nafaka na maharagwe husagwa pamoja kuwa unga. Unga huchanganywa na madini na vitamini. Hupitishwa katika mvuke wa moto, kisha hushindiliwa kwa nguvu katika bamba la chuma lenye matundu mengi. Hutokea upande wa pili kama vijiti vyembamba, vikakatwa vipande vidogo, vikapozwa na kukaushwa. Kila kidonge kina kila kitu ndani yake. Ndege hawezi kuchagua mahindi na kuiacha shayiri, kwa maana vyote vimekwisha kuwa kitu kimoja.

Vidonge hivyo vilitumiwa kwanza kwa kuku na mifugo mingine. Kisha wafugaji wa njiwa waliona faida yake, hasa wakati wa kulea makinda.

Kabla hatujaendelea, nikuonyeshe kwa nini afya ya njiwa si mchezo tu. Katika Vita Kuu ya Pili wafugaji wa Uingereza waliitolea serikali njiwa kama 200,000. Wakati huo chakula kilikuwa haba, na nafaka ilitolewa kwa kipimo. Njiwa waliotumikia taifa nao walipewa posho yao. Wengine walichukuliwa katika eropleni za vita. Mwezi wa Februari 1942 eropleni moja iliyokuwa ikirudi kutoka Norway ilianguka katika Bahari ya Kaskazini. Watu wanne walikuwa katika mashua ndogo, katika maji ya baridi kali, na hakuna aliyejua mahali walipo. Njiwa wao jike, aitwaye Winkie, aliruka maili kama 120 akafika kwao karibu na Dundee, mabawa yamejaa mafuta, amechoka kabisa. Hakuchukua barua yo yote. Lakini watu walihesabu saa alizotumia, wakafikiri habari za upepo na yale mafuta, wakajua mahali pa kutafuta. Watu wale wanne waliokolewa. Mwezi wa Desemba 1943 Winkie alipewa nishani. Njiwa dhaifu asingalifika.

Basi tuseme unataka kulea makinda kwa vidonge. Yako mambo ya kukumbuka. La kwanza, usibadili chakula kwa ghafula. Wazoeze wazazi mapema, kabla mayai hayajaanguliwa, ukichanganya vidonge na nafaka kidogo kidogo. La pili, njiwa alaye vidonge hunywa maji mengi kuliko alaye nafaka, na kinyesi chake huwa laini. Usishtuke, bali maji yawe tele na safi daima. La tatu, weka vidonge mahali pakavu. Vikipata unyevu huvunjika na kuota ukungu, na chakula chenye ukungu ni sumu kwa ndege. La nne, usiache kuwapa changarawe na maganda ya chaza yaliyosagwa. Changarawe husaga punje katika firigisi, na maganda hutia nguvu mifupa na mayai.

Je, vidonge vimeishinda nafaka? La. Hata leo wafugaji wanabishana. Wengi huwapa makinda vidonge pamoja na nafaka, na siku za mashindano zikikaribia huzidisha nafaka kama mahindi, ambayo huupa mwili nguvu ya safari ndefu. Wengine husema kwamba ndege asiyepewa punje wakati wa kulelewa hatazijua atakapotengwa na wazazi. Maneno yao yana maana, na kwa hiyo ni vema kinda azoee vyote viwili.

Mwisho, nikuambie jambo linalokuhusu wewe mwenyewe. Mtama ukiuona kwa macho wajua kuwa ni mtama. Lakini kidonge hakisemi kilicho ndani yake. Maneno yake yameandikwa katika gunia: protini kiasi gani, kwa mnyama gani, kabla ya tarehe gani. Asiyejua kusoma hununua kwa kuamini maneno ya muuzaji. Wewe umeanza kujua kusoma. Basi siku utakaponunua gunia la chakula, liwe la njiwa au la kuku, usione haya kusimama dukani ukalisoma mpaka mwisho.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini makinda ya njiwa hayawezi kuchagua chakula chao?
2. Kuku wa Java waliponaje?
3. Taja faida moja ya chakula cha vidonge, na jambo moja la kuangalia.
4. Tafuta gunia moja la chakula cha mifugo kijijini kwenu. Andika katika daftari lako maneno matano uliyoyasoma juu yake.